Uzito wa Pacha wa Pili

1

Pacha wa pili wa Skolastika Mlowe alizaliwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, zamu zikipokezana, na saa tatu kasoro alikuwa ameshafariki. Wakati dawa inaingia mwilini mwake mimi nilikuwa chumba cha jirani, nakunywa chai. Nalisema hili mapema kwa sababu kwenye uchunguzi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, na mimi sikujitia kimbelembele kulisema.

Nilimsikia Sista Tusajigwe akiita, "Dada Edina! Njoo, pampu imeenda!"

Nilikimbia. Wodi yetu ya watoto njiti ina vitanda vya joto kumi na viwili, kila kimoja kina pampu yake ya dawa na skrini yake, na kwenye kila skrini kuna daftari la mtoto. Mimi ndiye fundi wa madaftari hayo. Sista alikuwa amesimama kitanda cha saba ameshika mizani, ile moja tunayoizungusha kitanda hadi kitanda tangu ile nyingine ilipoharibika wakati wa Pasaka. Mtoto alikuwa mdogo kuliko mkate. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kiasi kwamba namba za kwenye skrini hazikutulia.

"Imeenda vipi?" nilimuuliza. "Umeshampima?"

"Sijampima! Ndiyo kwanza naleta mizani. Nimeandika dawa ya pumzi, nikaiacha isubiri uzito kama siku zote. Nimegeuka hatua sita tu. Narudi, nakuta imeshaingia."

Niliangalia skrini. Hesabu ya dozi ilikuwa safi, haina hata doa. Nikafungua kumbukumbu zake na pale nikasoma: *Uzito, gramu 2,600, umechukuliwa kutoka daftari la Pacha wa Kwanza. Umekubaliwa na T. Mwakalonge.* T. Mwakalonge ni Sista Tusajigwe. Pacha wa kwanza alikuwa kitanda cha sita, mnene, analia kwa afya zake zote. Huyu wa pili tulipompima hatimaye alikuwa na gramu 870.

Daktari wa zamu alikuja na kufanya yote yanayofanywa. Sista alipoona hakuna njia tena alichovya vidole kwenye maji, akambatiza mtoto kwa jina alilolitaja mama yake kutoka kitandani alikolazwa hapo pembeni, Mikaeli. Huku kwetu muuguzi yeyote hufanya hivyo mtoto akizidiwa, awe Mkatoliki au Mmoraviani. Kisha akaandika kwenye daftari kwamba amembatiza, na saa ngapi.

Mimi nilirudi chumbani kwangu. Nilifungua mipangilio ya Msomaji, programu inayoyakagua madaftari yetu, nikautafuta mstari mmoja nilioandika wiki tatu kabla, nikaufuta. Niliufuta kabla hata sijalia.

2

Daftari la mgonjwa lina visanduku vya aina mbili. Kuna visanduku vya maneno, ambamo wauguzi na madaktari huandika wanachokiona: amenyonya, amekataa, rangi imerudi. Na kuna visanduku vya hesabu, ambavyo pampu huvisoma na kuvitii. Vyote viko kwenye ukurasa mmoja, vimepishana. Zamani ungekosea jina la dawa, au ungesahau namba, na pampu ingekutii hivyo hivyo na makosa yako.

Ndipo akaletwa Msomaji. Asili yake ni kwa waandishi wa programu za kompyuta, ambao walikuwa naye miaka mingi na wakamzoea kama hewa. Unaandika nusu ya neno, anakumalizia. Unataja kitu ambacho hujakieleza, anapiga mstari mwekundu chini yake. Unagusa neno, anakupeleka pale lilipoelezwa mara ya kwanza. Mtu mmoja akawaza, kwa nini muuguzi akose msaada ambao kijana wa kutengeneza michezo ya simu anao? Basi Msomaji akaingizwa ndani ya madaftari, na pampu zikaagizwa zisikubali kisanduku chenye mstari mwekundu. Kabla yake wodi yetu ilikuwa inazika watoto saba kwa mwezi. Baada yake tukawa tunazika wawili. Namba hizo ni za kweli, na nitazirudia, maana nimejificha nyuma yake.

Tatizo lilikuwa dogo na lilikuwa letu wenyewe. Waliomtunga Msomaji waliamini kwamba watu wote hujaza ukurasa kutoka juu kwenda chini. Hospitali ya Usongo hatujazi hivyo. Matroni wetu wa zamani, Mama Luhwago, alikulia kwenye mafaili ya karatasi, ambamo karatasi mpya hubanwa juu ya zile za zamani ili daktari akifungua akutane na habari za leo. Yalipoletwa madaftari alitangaza kwamba jipya linakaa juu, na nani angembishia? Mama Luhwago alistaafu, akafariki, na jipya likaendelea kukaa juu.

Matokeo yake ni kwamba uzito wa mtoto, ambao huandikwa kwanza, unakuwa chini kabisa, na dawa zote zinazoutegemea ziko juu yake. Msomaji anaanza juu, anakutana na uzito ambao bado hajaelezwa, anapiga mstari na kuuliza: *Hiki sijakiona hapo juu, lakini nimekipata kwingine. Nikitumie?* Muuguzi anabonyeza ndiyo. Anabonyeza ndiyo mara arobaini kwa zamu moja, huku watoto wanalia.

Na bado wauguzi hao hao waliokuwa wanamlaani walikuwa wamejifunza kumtumikisha. Mtoto akiletwa amezidiwa, waliandika dawa kwanza na kuituma kwenye pampu kabla ya kupima. Uzito ukiwa hauko popote, juu wala chini, mstari unabaki na pampu inasubiri. Muuguzi anakwenda kuchukua mizani, anapima, anaandika namba, mstari unafutika, dawa inaingia papo hapo. Waliita kuweka dawa foleni. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo, lakini sekunde ishirini kwa mtoto asiyepumua ni umri mzima, na mimi nilikuwa nawaona kila siku wakifanya.

Wiki tatu kabla ya asubuhi ile walinijia watatu kwa pamoja, Sista Tusajigwe akiwa msemaji.

"Dada Edina, tunakuomba kwa heshima zote," alisema. "Huyu Msomaji wako ana maswali kuliko mama mkwe. Mnyamazishe."

Tulicheka sana. Nikaingia kwenye mipangilio na kuandika kwamba akipata kitu kwingine asiulize, akubali mwenyewe kwa jina la anayeandika. Maelezo ya mpangilio huo yalikuwa kurasa mbili. Nilisoma wa kwanza. Wa pili, ambao nimeusoma sasa mpaka naujua kwa moyo, unasema Msomaji hutafuta pia kwenye madaftari yaliyofungamanishwa, na sisi madaftari ya mapacha tunayafungamanisha wanapozaliwa tu. Siku hiyo walinipikia chapati. Nilitembea wodini kifua mbele.

3

Mganga Mfawidhi wetu ni Daktari Kandidus Luvanda. Aliniita kesho yake, akafunga mlango mwenyewe, akanisogezea kiti.

"Nimepitia mipangilio," alisema. "Jana saa tatu na dakika nne kuna mstari umefutwa."

"Ndiyo, daktari."

"Ulikuwa unasema nini?"

Nilimweleza wote, pamoja na ule ukurasa wa pili. Alivua miwani akaisugua kwa koti lake refu, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wauguzi wanajua maswali yaliacha kuja. Hawajui kwa nini, wala hawajui yangeweza kufanya hivi."

"Sheria ya Baraza la Madaftari unaijua," alisema. "Chombo kikitajwa kuwa chanzo cha kifo, kinazimwa nchi nzima mpaka kikaguliwe. Pampu za mwaka juzi zilikaguliwa miezi minane."

"Lakini aliyekosea si Msomaji, daktari. Ni mimi."

"Baraza halina mahali pa kuandika 'ni mimi'. Muuguzi ni mtoa huduma, ana leseni, anaweza kukosea. Wewe ni fundi. Kwa Baraza wewe ni kipande cha chombo. Ukitajwa wewe, kimetajwa chombo." Alirudisha miwani usoni. "Hospitali themanini na tatu, Edina. Miezi minane. Hesabu unaijua kuliko mimi."

"Na Sista Tusa?"

"Sista alituma dawa kabla ya kupima mtoto. Hiyo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini wote wanafanya hivyo, hata daktari mwenyewe umewahi kuwasifia kwa..."

"Ni kweli, basi," alisema, kwa sauti ya chini.

Nilingoja aniamrishe. Nilitaka aniamrishe, Mungu anisamehe, nipate mtu wa kumchukia maisha yangu yote. Hakuniamrisha. Alisema tu kwamba daftari la uchunguzi huandaliwa na fundi, kama kawaida, na kwamba niandike ninachoona ni sawa. Kisha akaniuliza kama nimekula.

4

Nilikaa na daftari hilo siku tatu. Nilipiga hesabu niliyoambiwa naijua. Watoto watano kila mwezi wanaopona wodini kwetu kwa sababu ya Msomaji, mara miezi minane, ni arobaini. Hao ni wa Usongo peke yake. Kwa hospitali themanini na tatu sikumaliza kuzidisha.

Upande wa pili wa hesabu alikuwa mtu mmoja. Sista Tusajigwe Mwakalonge, miaka hamsini na minne, mjane, kumi na tisa kati ya miaka hiyo ameitumia kwenye wodi ile. Huwaimbia watoto Kinyakyusa wakati wa kuwabadilisha nepi na hudai wanaelewa. Watu husema uhai haupimwi kwa mizani, lakini wanaosema hivyo hawajawahi kukaa mbele ya kisanduku kitupu wakitakiwa kukijaza.

Siku ya tatu, mchana, niliandika: *Chanzo cha kifo cha Mikaeli Mlowe ni*

Nilisita. Msomaji, ambaye hasiti, akanimalizia kwa herufi hafifu mbele ya kidole changu: *uzembe wa muuguzi wa zamu.*

Niligusa maneno hayo nione ameyatoa wapi. Akanifungulia orodha ya taarifa za uchunguzi mia mbili na kumi na mbili, kutoka hospitali mbalimbali, zote zimeishia hapo hapo. Hakuwa ananishauri. Alikuwa ananikumbusha tulivyozoea kusema. Nilijiuliza katika hao wauguzi mia mbili na kumi na mbili wangapi walikuwa na fundi anakunywa chai chumba cha jirani.

Nikafuta. Nikaandika kwamba chanzo ni mpangilio wa kukubali bila kuuliza. Mstari mwekundu ukatokea chini ya mpangilio, kwa kuwa sikuwa nimeueleza popote. Nikaongeza kisanduku juu yake, nikaueleza. Nani aliuandika, tarehe gani, kwa sababu gani, nani aliufuta na saa ngapi. Jina langu lilikaa pale, Edina Nywage, na mstari ukafutika. Ukurasa ulikuwa safi na ulikuwa wa kweli. Nilikaa naukodolea macho kama robo saa, na ninaweza kuapa kwamba katika robo saa hiyo nilikuwa mtu mzuri.

Halafu nikakifuta kisanduku chote.

Ningependa kusema niliwafikiria watoto arobaini. Niliwafikiria, ndiyo, baadaye, na bado nawafikiria kila ninapotaka kulala. Lakini kilichosogeza kidole changu ni Skolastika Mlowe. Nilimwona kwa mawazo amebeba pacha aliyebaki, amesimama mlangoni kwangu, ananitazama usoni. Niliogopa uso wa mama mmoja, na nikaiita hofu hiyo huruma kwa akina mama wengi.

Nikaandika tena mwanzo wa sentensi. Msomaji akanimalizia. Nikabonyeza ndiyo.

5

Hukumu ilitoka baada ya wiki mbili. Ilikuwa Kuondolewa.

Waandishi wa programu walikuwa na uwezo mmoja waliopenda sana kwa Msomaji: ukitaka kubadilisha jina la kitu, unalibadilisha mara moja, na yeye anakwenda kulibadilisha kila mahali lilipotumika, hata kurasa elfu moja mbali, bila kubakiza. Kwao ni kazi ya usafi. Baraza la Madaftari walipouona uwezo huo wakapata adhabu. Muuguzi aliyeondolewa hanyang'anywi leseni tu. Jina lake linatolewa kwenye kila daftari alilowahi kuliandika, na mahali pake panawekwa maneno mawili, ili mgonjwa yeyote asiwe na wasiwasi kwamba aliwahi kushikwa na mikono ile.

Anayetekeleza ni fundi wa hospitali.

Niliandika jina. Skrini ikajibu: *Limepatikana mahali 41,306. Badilisha pote?* Chini yake kulikuwa na orodha, ili fundi akague kabla ya kubonyeza. Hakuna fundi anayekagua. Mimi nilikagua, nikidhani angalau hilo ni deni ninaloweza kulipa.

*Amenyonya mara mbili, hongera zake. T. Mwakalonge. Mama yake hajala tangu jana, nimempa uji wangu. T. Mwakalonge. Leo amefungua macho akanikasirikia, huyu ataishi. T. Mwakalonge.* Nilisoma saa nzima na sikufika hata mwaka wa tatu. Wengi wa watoto hao wanasoma shule sasa. Nikaruka mpaka mwisho kabisa, ambao kwetu ni juu, na pale palikuwa na mtoto Mikaeli, amebatizwa saa mbili na dakika arobaini na nane, maji safi, mama ameitikia amina. T. Mwakalonge.

Nilibonyeza. Ilichukua sekunde nne. Mtoto Mikaeli sasa amebatizwa na Muuguzi Aliyeondolewa.

6

Alikuja siku iliyofuata kuchukua sweta na kikombe chake. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu bado uko madirishani. Wenzake walipomwona kila mmoja akakumbuka kazi ya haraka mwisho wa wodi. Mimi sikupata kazi ya kukumbuka, kwa sababu alikuja moja kwa moja chumbani kwangu.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa lugha yetu ya huku, kama alivyofanya siku zote ingawa si kwao.

"Kamwene, Sista. Karibu ukae."

"Sikai. Na usista umekwisha, usijitie matatani." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nina swali moja tu. Wewe ndiye unayezijua hizi mashine."

"Uliza."

"Kwenye uchunguzi walinisomea kumbukumbu. Zinasema Msomaji alipata uzito wa yule kaka yake, nami nikakubali. Jina langu nimelisikia kwa masikio yangu. Maswali ya kila siku uliyanyamazisha, najua, lakini labda la daftari la mtoto mwingine bado huuliza." Alikuwa anazungusha kikombe mikononi. "Dada, mimi nikifumba macho naiona asubuhi ile yote. Namwona mtoto. Naiona mizani, hata ule mkwaruzo wake. Hilo swali silioni. Sikumbuki kuulizwa, sikumbuki kubonyeza. Kama ningekumbuka ningelia, ningeomba toba, yangeisha. Lakini sikumbuki, na nimeanza kujiogopa. Binti yangu kaniachia mjukuu, juzi alikuwa na homa, nikashindwa kumpa hata dawa ya kijiko. Nilimpelekea jirani ampe. Nasema, mikono hii inafanya mambo mimi sipo."

Korido ilikuwa tupu. Mlango ulikuwa umefungwa. Baraza lilikuwa limeshamalizana na mimi na yeye pia, na hakuna neno ambalo ningemwambia pale lingeweza kuzima chombo chochote hospitali yoyote, kama ningemwomba alitunze. Angelitunza. Namfahamu. Watoto wangu wote arobaini hawakuwa chumbani mle. Tulikuwa wawili tu.

"Niambie tu ukweli," alisema. "Msomaji aliniuliza?"

"Alikuuliza, Sista," nilisema. "Ukabonyeza ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Machozi yalimtoka, na mabega yake yakashuka, akawa anafanana na mtu aliyeambiwa ugonjwa wake una jina. Akaweka kikombe mezani, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, dada," alisema. "Wenzangu wote wananikwepa. Wewe peke yako ndiye hujanificha."